Bose: Mwalimu aliyecheza na mawimbi ya 5G kabla ya mwaka 1900

Ushawahi kununua simu ya 5G, ukafika kwa nyumba, ukaona ile alama imetoweka na kubaki 4G? Usikimbilie kusema umeuziwa feki. Masafa yakipanda, wimbi linakuwa fupi, na wimbi fupi halielewani na kuta. Megahezi 900, masafa yaliyobeba simu zetu za mulika mwizi, yana wimbi la sentimita 33 hivi. Hilo linavuka kilomita kadhaa za shamba na bado linaingia sebuleni. Ukipanda hadi gigahezi 60, wimbi linabaki milimita 5 tu. Linabeba data nyingi ajabu, lakini kiganja cha mkono kinalizuia, na hata oksijeni hewani inalimeza.

Ndiyo maana mashambani wanahitaji masafa ya chini, na mjini, penye watu wengi wanaong'ang'ania bando, kampuni zinatafuta ya juu. Sasa, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutengeneza mawimbi hayo ya milimita hakuwa injinia wa California. Alikuwa mwalimu wa fizikia mjini Calcutta, India ikiwa bado chini ya Mwingereza.

Jagadish Chandra Bose alizaliwa Novemba 30, 1858, Mymensingh, mji ambao siku hizi uko Bangladesh. Babake, Bhagawan Chandra, alikuwa afisa katika serikali ya mkoloni. Watu wa cheo chake walipeleka watoto shule za Kiingereza, mambo ya kuonekana. Mzee huyu akampeleka wake shule ya Kibengali, ajue lugha yake kabla ya kujua ya wengine. Darasani Bose aliketi kati ya mtoto wa mhudumu wa babake na mtoto wa mvuvi, akimezwa na hadithi zao za ndege, wanyama na viumbe wa majini. Baadaye alisema hamu yake ya kuchunguza maumbile ilianzia hapo. Sisi tuliovishwa diski shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama, hapo pana la kuwaza.

Mwaka wa 1880 alienda Uingereza kusomea udaktari. Afya ikamsumbua, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ikazidisha ugonjwa. Akahamia sayansi Cambridge, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Lord Rayleigh, jina kubwa katika fizikia ya wakati huo.

Aliporudi nyumbani 1885 alipata kazi Presidency College. Hapo ndipo alipokutana na ubaguzi uso kwa uso. Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Na kwa vile kazi ya Bose ilikuwa ya muda, yake ilikatwa tena, ikabaki theluthi moja. Jamaa hakugoma, hakuacha kufundisha. Aliingia darasani kila siku, na kila mshahara ulipokuja akaukataa. Alifanya hivyo miaka mitatu. Ebu piga picha: babako ana madeni, umeoa 1887, na mwisho wa mwezi unarudisha hela. Mwishowe wakubwa walisalimu amri. Alithibitishwa kazini na kulipwa malimbikizo yote kwa kiwango kamili, naye akayatumia kulipa madeni ya babake.

Maabara hakuwa nayo. Alipewa kijichumba kando ya bafu, akatafuta fundi wa bati ambaye hakuwa amesomea mambo ya sayansi, akamfundisha. Kwetu tungemwita fundi wa jua kali. Vifaa vilivyotoka kwa mikono ya hao wawili vilikuja kushangaza London.

Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa tayari amethibitisha, mwishoni mwa miaka ya 1880, kwamba mawimbi ya umeme yapo na yanasafiri hewani kama mwanga. Lakini mawimbi yake yalikuwa marefu, kuanzia sentimita 60 na ushei hadi mita kadhaa, na vifaa vyake vilikuwa vikubwa kupindukia. Bose alianza utafiti wake 1894 na wazo rahisi: wimbi likiwa fupi, kila kitu kitatoshea mezani. Akashuka hadi kati ya milimita 5 na milimita 25. Kwa lugha ya leo, hayo ni masafa ya gigahezi 12 hadi 60.

Kisha akaanza kuyachunguza kama mtu anavyochunguza mwanga, kwa chochote kilichokuwa karibu. Alipinda mawimbi kwa salfa. Alisokota nyuzi za juti, zile za magunia, akaona zinavyozungusha mwelekeo wa mtikisiko wa wimbi. Ninachokipenda zaidi ni kitabu cha ratiba ya treni, Bradshaw, ambacho alitia karatasi za bati kati ya kurasa zake. Kitabu kikawa chujio: ukikishika hivi wimbi linapita, ukikigeuza linakataa. Mwaka wa 1895, katika ukumbi wa Town Hall mjini Calcutta, alituma mawimbi yakapita ukutani na katika mwili wa gavana mdogo wa Bengal, yakapiga kengele na kulipua baruti. Gavana hakuhisi chochote.

Alitumia pia antena za umbo la tarumbeta na mabomba ya kuongoza mawimbi. Hivyo bado vipo. Tazama mnara wa simu ulio karibu nawe. Ukiona ile sahani ya mviringo iliyofungwa juu, mara nyingi inaunganisha mnara huo na mwingine kwa masafa kama gigahezi 15, 18 au 23, pale ambapo kebo ya faiba haijafika. Nchi nyingi za Afrika na Asia zilipata netiweki vijijini kwa njia hiyo, bila kuchimba mtaro hata mmoja. Masafa hayo yote yamo ndani ya yale ya Bose.

Sasa tuje kwa pesa. Mwaka wa 1899 Bose alieleza mbele ya Royal Society ya London kitambuzi cha mawimbi cha chuma na zebaki, kinachosikilizwa kwa simu. Desemba 12, 1901, Guglielmo Marconi alipopokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki, alitumia kitambuzi cha aina hiyo hiyo. Marconi alisema alikipata kwa rafiki yake wa jeshi la majini la Italia. Mwaka wa 1998 jarida la wahandisi wa umeme, Proceedings of the IEEE, lilichapisha utafiti uliofuata nyayo hizo hadi kwa Bose.

Marconi alikuwa na hataza, ile hati ya serikali inayosema uvumbuzi ni wa fulani. Bose hakuzitaka. Mwaka huo huo wa 1901 tajiri mmoja wa telegrafu alimfuata London akitaka wagawane faida, akakataa. Aliona aibu kuuza maarifa. Rafiki yake Mmarekani, Sara Bull, ndiye aliyemsukuma kusajili kitambuzi kingine, cha madini ya galena. Marekani ilitoa hataza hiyo 1904, nambari 755,840, na inahesabiwa miongoni mwa za kwanza duniani za semikondakta. Bose hakuifuatilia, ikaisha muda bila kumletea kitu.

Hapo nimegawanyika. Kuna heshima katika kukataa. Lakini leo hata simu ya bei nafuu uliyonunua Luthuli Avenue ina ada za hataza ndani ya bei yake, na kampuni zinazozikusanya nyingi ziko mbali sana na Calcutta na Nairobi.

Bose alihamia utafiti wa mimea, wazungu wengine wakambishia miaka mingi. Alipewa cheo cha Sir 1917, mwaka aliofungua Bose Institute, na akaingia Royal Society 1920. Marconi, aliyegawana Nobel ya 1909, alifariki Julai 1937. Bose alimfuata Novemba 23 mwaka huo huo, mjini Giridih.

Mwaka wa 2019, mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ulitenga gigahezi 24.25 hadi 27.5 kwa 5G. Mwaka wa 2022 serikali ya India ilipiga mnada gigahezi 26, na kampuni za simu zikalipa. Vifaa vya Bose bado vimehifadhiwa katika taasisi yake, mjini Kolkata.