Ibn Battuta: jamaa aliyezunguka dunia akilala kwa watu

Mimi bado niko huku huku Samuye, Shinyanga. Jua kali kama kawa, vumbi la ng'ombe barabarani, maisha yanasonga.

Juzi dogo mmoja kanifuata na swali. Anasema kaona mtandaoni kuna Wazungu wanazunguka dunia peke yao, hoteli hawalipi, wanalala kwenye makochi ya watu ambao hata hawawajui. Akataka kujua kama na sisi wenye vijisenti vya kuuza karanga tunaweza, au ni mambo ya wenye pasi nzuri na kadi ya benki.

Nikamwambia, dogo, hayo mambo si ya Wazungu wala si ya mtandao. Yalishafanyika kwenye pwani yetu hii hii karibu miaka 700 iliyopita, na aliyefanya unamjua. Ibn Battuta! Sote tulimsoma sekondari. Alifika Kilwa mwaka 1331, akaisifu, basi, mtihani ukaja. Hakuna aliyetuambia jamaa alilala wapi, alikula kwa nani, na nani alilipa. Leo nataka tuongelee hayo. Mwisho nina la kwangu la kuungama, msikimbie.

Jina lake Abu Abdallah Muhammad, Ibn Battuta ni jina la ukoo. Alizaliwa Tangier, Moroko, mwaka 1304, kwenye familia ya watu wa sheria, makadhi. Mwaka 1325, akiwa na miaka 21, akawaaga wazazi na kuondoka kwenda kuhiji Makka. Peke yake! Hakuwa na mwenzake wala msafara wa kujiunga nao siku ya kuondoka.

Msidhani alikuwa shujaa tangu siku ya kwanza. Huko mbele akapata wenzake wa njiani, halafu homa ikamkamata. Wakamshauri apumzike, akakataa, na huko mbele zaidi ikabidi ajifunge kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Kufika mji wa Constantine, Algeria ya leo, wamelowa mvua, nguo zimechafuka. Mtawala wa mji akaziona, akaagiza zifuliwe, na shuka lake moja lililochakaa akambadilishia na jipya. Kwenye ncha ya shuka kafunga dinari mbili za dhahabu. Huo ndio msaada wa kwanza aliopata safarini, na hakuusahau hadi uzeeni.

Halafu Tunis. Msafara umefika, watu wa mji wametoka kuwapokea ndugu zao, huyu anakumbatiwa, yule anaulizwa habari za nyumbani. Yeye hakuna hata mmoja anayemsalimu. Jamaa akashindwa kujizuia, akalia. Haji mmoja akamwona, akaja kumsalimu na kumpigisha stori mpaka wakaingia mjini. Aliyewahi kushuka Ubungo enzi zile na begi moja, bila mtu wa kumpokea, anaelewa ninachosema.

Sasa hela alitoa wapi? Hapa ndipo penye somo. Ibn Battuta hakuwa na mfuko mkubwa, alikuwa na elimu. Alijua Kiarabu vizuri na sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Maliki, na kwenye miji mingi ya wakati ule elimu hiyo ilikuwa kitambulisho tosha. Kulikuwa na nyumba za masufi, madrasa na majengo ya wakfu ambako mgeni alipata pa kulala na chakula. Mtu wa sheria akifika mjini, kadhi wa pale anamchukua kama mwenzake wa kazi. Kama vile dereva wa lori anavyopokewa na madereva wenzake popote anapoegesha.

Mwaka 1331 akapanda chombo Aden kuja kwetu. Kituo cha kwanza Zeila, akakuta harufu ya samaki na damu ya ngamia waliochinjwa njiani, akaona bora alale chomboni kuliko kulala mjini. Kutoka hapo siku 15 za bahari, akafika Mogadishu.

Utaratibu wa Mogadishu ulikuwa si mchezo. Chombo kikifika, vijana wanatoka na mashua ndogo, kila mmoja kabeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anampa sahani mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Imeisha hiyo. Mfanyabiashara analala kwake, na mwenyeji ndiye anayemuuzia mali na kumnunulia. Sikilizeni vizuri hapa: mtu akimlalia mgeni bei, au akimuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwepo, biashara hiyo ni batili. Yaani mwenyeji alikuwa kitanda, mkalimani, dalali na bodigadi kwa pamoja!

Ibn Battuta hakuchukuliwa na mfanyabiashara. Ilipojulikana kwamba ni mtu wa elimu, kadhi mwenyewe akaja ufukweni na wanafunzi wake, wakampeleka kwa Sultani, kisha wakalazwa kwenye nyumba ya wanafunzi. Siku tatu chakula mara tatu kwa siku. Wali wenye samli, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Maziwa mgando na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi na maembe. Siku ya nne, Ijumaa, wakamletea na nguo mpya za kwendea msikitini. Bure!

Akapita Mombasa, akalala usiku mmoja tu, akakuta watu wanaokula ndizi na samaki, wacha Mungu, na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri. Kisha Kilwa, mji alioutaja kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Sultani wakati huo alikuwa Hasan bin Sulaiman, watu wakamwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Masikini mmoja kutoka Yemen alimsimamisha Sultani akitoka kuswali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya karibu, akavaa nyingine, akampa zile zile.

Tusifiche lakini. Mwana wa mfalme akazichukua tena zile nguo kutoka kwa masikini, na kama fidia akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Binadamu 20 walitolewa kama zawadi, na mali ya vita vya bara ilikuwa sehemu ya ule ukarimu. Ibn Battuta naye alimiliki watumwa katika safari zake. Tukimsifu kwa mengine, hili nalo tuliseme.

Huyo Sultani alipofariki akaingia ndugu yake, Daud. Yeye mkono wa birika. Wageni walikaa miezi mingi mlangoni kwake wakaambulia kidogo sana, mwisho watu wakaacha kwenda. Mji unaweza kuwa ule ule na majumba yale yale, lakini mwenyeji akibadilika, mgeni anahama.

Baada ya pwani yetu alizunguka hadi Uturuki ya leo. Huko kulikuwa na vyama vya vijana mafundi, wengi hawajaoa, wakiitwa akhi. Mchana wanapiga kazi, jioni kila mmoja analeta alichopata kwa kiongozi wao, wananunua matunda na chakula, na mgeni akiwepo mjini wanamlisha hadi aondoke. Mji mmoja uitwao Ladik, jamaa walishika farasi wake sokoni, kundi jingine likaja, visu vikatoka. Ibn Battuta akajua leo ndiyo mwisho, majambazi! Kumbe ni makundi mawili yanagombania nani ampokee mgeni. Wakapiga kura, mmoja akaanza, mwingine akafuata. Hao hawakuwa masultani, wadau. Ni vijana kama ninyi, wenye kipato cha siku.

Delhi akapewa ukadhi na Sultani Muhammad bin Tughluq, akakaa miaka kadhaa, akapata mali na madeni makubwa vile vile. Alipotumwa China akaporwa njiani akabaki na nguo za mwilini, na huko Calicut dhoruba ikaharibu vyombo vya msafara. Visiwa vya Maldivi akawa kadhi, akaoa na kuacha. Wake na watoto aliwaacha miji mingi.

Na nyumbani? Mwaka 1348, akiwa Damascus, ndipo aliposikia kwamba baba yake alishafariki miaka 15 nyuma. Akaendelea kuelekea Moroko. Kabla hajafika akapata habari kwamba mama naye amefariki kwa tauni. Aliporudi mwaka 1349 alichobaki nacho ni kuzuru kaburi. Mtu aliyejua milango ya wafalme duniani hakuwahi kuukuta mlango wa mama yake ukiwa wazi. Hiyo ndiyo nauli aliyolipa, na hakuna sultani aliyeweza kumrudishia.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa Mali, mwaka 1352 hadi 1353. Mfalme Mansa Sulayman akamtumia zawadi ya ugeni. Jamaa akainuka akitegemea dhahabu na mavazi, akakuta mikate mitatu, kipande cha nyama ya kukaanga na kibuyu cha maziwa mgando. Akacheka kwa dharau! Baadaye akaenda kulalamika mbele ya mfalme, ndipo akapewa nyumba na dhahabu. Na kwenye nchi hiyo hiyo mwenyewe alikiri kwamba msafiri haogopi mwizi, na mgeni akifia pale mali yake inatunzwa mpaka mwenye haki apatikane.

Mwaka 1355 masimulizi yake yakakamilika, yameandikwa na Ibn Juzayy huku yeye akisimulia. Alimalizia maisha akiwa kadhi Moroko, na wengi wanataja kifo chake mwaka 1368 au 1369.

Sasa zamu yangu. Ile stori ya mikate mitatu siwezi kuicheka, kwa sababu na mimi niliifanya.

Mwaka 2007 nilidaka basi Tinde, Kahama, Biharamulo, Bukoba, nikavuka mpaka Mutukula hadi Kampala. Sikuwa na hela ya gesti. Nilikuwa na namba ya fundi cherehani mmoja wa kule, ndugu yake alikuwa akija huku kwetu kununua mchele. Akanipokea usiku kituoni, nikaenda kwake, chumba kimoja na sebule. Nikalala kitandani kama bosi. Siku 11! Matoke siku ya kwanza, matoke ya pili, ya tatu nikaanza kunung'unika kwamba Msukuma bila ugali hashibi. Wakaenda kununua unga kwa hela yao. Sikubeba hata kifuko cha michembe kutoka nyumbani. Siku ya kuondoka ndipo mtoto wao akaropoka kwamba leo baba atarudi kitandani kwake, ameshachoka sakafu. Wadau, niliona aibu, nikaaga haraka haraka. Na nilipofika nyumbani sikupiga hata simu ya kushukuru.

Mwaka 2011 yule ndugu yake akaja tena kununua mchele. Nilitaka kujificha, kweli kabisa. Akanikuta. Hakuwa na neno baya, alileta salamu tu kutoka kwa kaka yake, ambaye bado anamuulizia yule kijana wa ugali.

Nikamchukua nikampeleka nyumbani, mama akatenga kitanda. Asubuhi nikaongozana naye kwa wenye mchele, mmoja baada ya mwingine, nikakaa pembeni kila anapopatana, maana mgeni ni kuku mweupe na bei yake huwa tofauti. Siku ile hakuna aliyemlalia. Wakati huo sikujua kwamba huo ulikuwa utaratibu wa Mogadishu. Nimekuja kuujua baadaye, nikatabasamu.

Kwa hiyo dogo, jibu langu ni hili. Unaweza kusafiri na vijisenti. Vijana wanaokwenda Geita kutafuta dhahabu wanafanya hivyo kila siku, wanapokewa na wa kwao waliotangulia. Lakini kulala kwa mtu si bure. Jiulize kabla hujapanda basi: nabeba nini? Ibn Battuta alibeba elimu. Wewe beba michembe, beba mikono ya kuosha vyombo na kuchota maji, beba habari za kwenu. Kula ulichopewa. Wasemaji wa zamani walisema siku ya tatu mgeni apewe jembe, wewe liombe siku ya pili. Muulize mwenyeji analala wapi. Mpigie mama yako. Na ukirudi, mlango wako uwe wazi, kwa sababu deni la mwenyeji mara nyingi unalilipa kwa mgeni mwingine kabisa.

Haya, uwanja wenu. Nani aliwahi kulala kwa mtu nchi ya watu, na alibeba nini? Na ninyi mliowahi kupokea wageni kama mimi wa Kampala, semeni ukweli, tutavumilia. Tupo pamoja!