Edward Saidi Tingatinga, Fundi Asiyefundishwa

Mwaka huu tunachangia rangi za vijana wetu wa Igoma wanaochora mabango, ndiyo maana tunamkumbuka Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akatunza bustani za watu Dar es Salaam. Uchoraji hakufundishwa na mtu. Mwaka 1968 alichukua rangi za baiskeli, zinazopatikana hata dukani kwetu, akapaka juu ya vipande vya silingi bodi: chui, tembo, ndege. Aliuza Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores. Wala hakuficha ufundi. Aliwafundisha ndugu zake, akiwemo Simon Mpata. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, wakimdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne tu. Wanafunzi wake waliendelea kuchora.