Stanley aingia kazi ya gazeti

Mzungu ambaye watu wa Kongo walimwita Bula Matari, ndiyo kusema Mvunja-mawe, alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Denbigh, nchi ya Wales. Jina lake la utoto lilikuwa John Rowlands. Wazazi wake hawakumtunza. Alipokuwa na miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini, na humo alijifunza kusoma na kuandika.

Mwaka 1859 alivuka bahari, akafika New Orleans, Marekani. Huko alipata jina jipya, Henry Stanley. Alikuwa askari, kisha baharia, halafu akaanza kuandikia magazeti habari za vita.

Wakati ule gazeti moja kubwa la Marekani lilikuwa New York Herald. Mwenye kuliongoza alikuwa James Gordon Bennett. Mwisho wa mwaka 1867 Stanley alikwenda kwake kuomba kazi. Waingereza walikuwa tayari kupigana na Tewodros, mfalme wa Uhabeshi, na Stanley alitaka kutumwa huko. Bennett hakukubali kumpa mshahara. Wakapatana hivi: Stanley ajilipie safari mwenyewe, nalo gazeti lilipe barua zake kama zinafaa. Habari zikichelewa, hasara ni yake.

Basi Stanley alifikiri mbele. Alipopita Suez, alimpa mkubwa wa simu fedha, ili habari zake zitangulie. Tendo hilo si la kusifiwa. Mwezi wa Aprili 1868 Waingereza waliteka ngome ya Magdala, naye Tewodros akajiua. Stanley alirudi mbio Suez, habari yake ikapelekwa ya kwanza. Mara waya wa simu wa chini ya bahari ukakatika! Wenzake wakabaki na habari zao mkononi. Hata watu wa London walisikia ushindi wa askari wao kwa habari ya Stanley. Wengine walisema ni uwongo, mpaka ukweli ulipojulikana.

Hivyo Stanley akapata kazi ya kudumu. Bennett ndiye aliyemtuma kumtafuta Livingstone, akamkuta Ujiji mwaka 1871.

Tangu mwaka 1879 Stanley alimtumikia Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, akamfungulia njia ya kutawala Kongo. Chini ya utawala ule watu wengi waliteswa kwa ajili ya mpira. Stanley alikufa London mwaka 1904.

Bidii yake ni ya kuigwa. Lakini mtu hodari aangalie vema anamtumikia nani.

Maulizo: 1. Stanley na Bennett walipatana nini? 2. Kwa nini habari ya Stanley ilitangulia? 3. Tendo gani la Stanley si la kusifiwa?