Mama Cecile Steele na Vifaranga 500

Huku Luberizi kuku ni hazina ya mama wa nyumba. Kwa kuku analipa masomo ya mtoto, ananunua dawa, anapokea mgeni, na siku ya matoleo anamleta mbele ya altare. Kwa hiyo tumeona vema kuwapasha habari za maisha ya mama mmoja wa inchi ya mbali, aliyefungua njia ya biashara ya kuku wa nyama.

Huyo ni Cecile Long Steele. Alizaliwa mwaka 1900, akakaa Ocean View, mji mdogo wa jimbo la Delaware, kwenye pwani ya mashariki ya Amerika. Mume wake, Wilmer Steele, alikuwa mtumishi wa serkali katika kikosi cha kulinda pwani. Mama Cecile, kama wake wengi wa wakulima wa huko, alifuga kuku wachache wa mayai, kusudi apate feza kidogo ya kuongeza juu ya mshahara wa bwana wake. Wakati ule karibu hakuna aliyefuga kuku kwa ajili ya nyama tu. Waliochinjwa ni majogoo wachanga waliozidi, na kuku wazee walioacha kutaga.

Mwaka 1923 aliagiza vifaranga 50. Kwa kosa la mwuzaji, akaletewa 500. Kuwarudisha ilikuwa haki yake. Kuwashika kulitaka chakula mara kumi, wala hakuwa na hakika ya kupata mnunuzi. Mama Cecile akawashika. Akajengesha kijumba cha mbao, upana na urefu wake mita 5 hivi, kikapashwa moto kwa jiko la makaa, akawatunza kwa majuma 18. Vifaranga 113 walikufa. Wale 387 waliobaki walipofika karibu kilo moja kila mmoja, aliwauza kwa senti 62 za dola kwa ratili. Jumla ilikaribia dola 480, feza nyingi kwa siku zile.

Tazameni namna alivyoendelea. Mwaka 1924 aliagiza 1,000. Mwaka 1926 alikuwa na nyumba za kutosha kuku 10,000. Mume wake aliacha kazi ya serkali, wakashika kazi hiyo wote wawili. Baadaye wakaongeza tena nafasi ya kuku.

Majirani waliona, nao wakafuata. Udongo wa pale ni wa mchanga, usiotuamisha maji, na barabara mpya ilifungua safari ya kwenda miji mikubwa ya kaskazini. Tena, katika miaka ileile wataalamu walitambua kwamba mafuta ya samaki yakitiwa katika chakula huzuia ugonjwa wa miguu kwa vifaranga wasioona jua. Ndiyo maana kuku waliweza kukua ndani ya nyumba hata wakati wa baridi kali. Sisi tunaokaa kando ya barabara ya Bukavu na Uvira tunafahamu neno hili: barabara ikikatika, mfugaji anabaki na mali yake mikononi.

Mama Cecile hakuzeeka. Mwezi wa Oktoba 1940 mashua yao ililipuka baharini karibu na Ocean City, akafa pamoja na mume wake. Kijumba chake cha kwanza kimehifadhiwa, na tangu mwaka 1974 kimeandikwa katika orodha ya majengo ya kumbukumbu ya inchi yake.

Watu husema alipata bahati. Vifaranga 500 vilikuwa bahati; wale 387 waliofika sokoni walikuwa matunda ya jasho. Katika bonde letu la Ruzizi tumeona mara nyingi ugonjwa ukimaliza kuku wa kijiji kizima, na mama akibaki bila feza ya shule. Basi akina mama na vijana wetu washike mwendo wake: nyumba safi yenye joto kwa vifaranga, chanjo kabla ya ugonjwa kuingia, hesabu ya waliokufa na ya waliouzwa, na kuongeza idadi baada tu ya kundi la kwanza kulipa gharama yake. Aliye na kuku watano aanze na hao watano.