Krapf na Rebmann: Mwenye Haraka na Mwenye Kukaa

Hapa Kabazana tumezoea kuona kamati ikianza vizuri kisha ikavunjika. Mmoja anataka ujenzi uanze kesho, mwingine bado anahesabu mabati, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa kikwazo. Kwa hiyo safari hii tunawaletea habari za mmisionari Johann Ludwig Krapf na mwenzake Johannes Rebmann.

Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo huo akamzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga. Mtu mwingine angerudi kwao. Yeye alibaki, akaendelea kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Rebmann alimkuta huko mwaka 1846, wakafungua pamoja kituo cha Rabai.

Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Alitaka vituo vya misheni vifuatane kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi. Rabai yenyewe haijasimama vizuri, naye yuko Usambara, mara yuko Ukambani. Mwaka 1851 msafara wake ulishambuliwa karibu na mto Tana, akatangatanga peke yake na kiu karibu imuue. Rebmann hakuukubali mpango ule. Aliona afadhali kukaa mahali pamoja na kujifunza lugha za watu. Lakini msidhani alikuwa mwoga wa safari: ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona mlima Kenya mwaka uliofuata. Wataalamu wa Ulaya waliwacheka wote wawili!

Mwaka 1853 Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann akabaki Rabai mpaka 1875. Hapo ndipo udhaifu wake ulipoonekana. Hapakuwa tena na mtu wa kumsukuma. Kazi ikapungua, waliobatizwa wakawa wachache, naye akazama katika madaftari yake ya lugha hadi macho yakafa. Sisi tunaona kwamba Krapf bila Rebmann alitawanyika, na Rebmann bila Krapf alijifungia.

Rebmann alirudi Ujerumani akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Alikwenda kukaa Korntal, alikoishi Krapf. Kati ya kazi zake ilikuwamo kamusi ya Kinyasa, aliyoikusanya kutoka kwa Salimini, mtumwa aliyetekwa upande wa ziwa Nyasa. Ndiyo lugha ambayo jamaa zetu walioko kambi ya Dzaleka, Malawi, wanaisikia sokoni kila siku kwa jina la Chichewa. Kamusi hiyo ilikuwa imelala miaka zaidi ya 20 bila kuchapwa.

Rebmann alifariki mwaka 1876. Krapf, yule tuliyesema hawezi kukaa, akaketi mezani akaitengeneza kamusi ya mwenzake, nayo ikachapwa mwaka 1877. Yeye alifariki mwaka 1881, akazikwa huko huko Korntal.