Saini ya Mwenye Duka

Ukipita Bandari ya Bujumbura wakati meli za saruji kutoka Mpulungu au za bidhaa kutoka Kigoma zimefunga gatini, utawaona vijana wakitafuta kibarua cha kubeba magunia. Aliyetoka gereza la Mpimba anaweza kukipata, maana mgongo hauulizwi historia. Kazi ya kudumu ni jambo jingine. Hapo huulizwa karatasi ya mahakama. Mwaka 2021 Rais aliwasamehe wafungwa zaidi ya 5,000 nchini. Msamaha humfungulia mtu mlango wa gereza, lakini mlango wa ajira hufunguliwa na watu wengine kabisa. Ndiyo maana safari hii tumemchagua mtu tunayemjua sana kwa hotuba zake, tukisahau kwamba aliwahi kufungwa kwa wizi.

Malcolm Little alizaliwa Omaha, Marekani, tarehe 19 Mei 1925. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 6, mama yake baadaye akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto wakatawanywa. Darasani alikuwa hodari, lakini aliposema anataka kuwa wakili, mwalimu alimshauri awe seremala, kwa kuwa ni mweusi. Akaishia mitaa ya Boston na Harlem: bangi, kamari, kuvunja nyumba. Januari 1946 alikamatwa alipofuata saa ya wizi aliyoipeleka kwa fundi. Akahukumiwa miaka 8 hadi 10, kabla hajatimiza 21.

Gerezani aliitukana dini hata wenzake wakamwita Shetani. Aliyemzindua kwanza alikuwa mfungwa mwenzake, John Bembry, aliyemhimiza atumie maktaba. Mwaka 1948 akahamishiwa Norfolk, gereza lenye maktaba kubwa, na huko akanakili kamusi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa. Ndugu zake wakamwandikia habari za Nation of Islam. Mafundisho yao yalikuwa na kasoro nzito za itikadi, hilo tusilifiche. Hata hivyo ndiyo yaliyomwachisha nguruwe na sigara.

Wasimuliaji wengi hupita haraka hapa panapofuata. Ili atoke kabla ya kumaliza kifungo, ilibidi pawe na kazi inayomsubiri. Kaka yake Wilfred alikuwa msimamizi wa duka la samani Detroit. Akamwomba mwenye duka atie saini kwamba atamwajiri Malcolm mara atakapotoka. Akatia. Agosti 1952 Malcolm akatoka na kuanza kuuza samani. Kamusi yote ile aliyoinakili isingemtoa siku hiyo bila karatasi ya mwenye duka, ambaye hakuwa Mwislamu na pengine alichokijua ni uaminifu wa Wilfred tu.

Sisi husimulia kwa furaha habari za Fudhayl bin Iyadh, mnyang'anyi wa njiani aliyegeuka kuwa mcha Mungu mkubwa wa Makka. Lakini Fudhayl wa leo akiingia dukani kwa mjomba na karatasi ya Mpimba, macho yetu hukimbilia droo ya pesa.

Machi 1964 Malcolm aliachana na Nation of Islam, na Aprili akahiji. Makka aliswali bega kwa bega na Waislamu weupe, akaacha kuwahukumu watu kwa rangi. Oktoba mwaka huohuo alikuwa Dar es Salaam, akakutana na Rais Nyerere, kisha akapanda ndege moja na Kenyatta na Obote kwenda Nairobi. Ilikuwa miaka 12 tu tangu avue nguo za mfungwa.

Tarehe 21 Februari 1965 aliuawa kwa risasi New York, akiwa na miaka 39. Watu watatu walihukumiwa. Wawili kati yao, Muhammad Aziz na Khalil Islam, walikana siku zote. Walikaa gerezani takriban miaka 20, wakatoka katika miaka ya 1980, wakaishi uraiani wakiitwa wauaji wa Malcolm. Novemba 2021 mahakama ilifuta hukumu zao. Khalil alikuwa amefariki tangu 2009.