Mtakatifu Cottolengo na Familia ya Wana Wema

Kila tarehe 30 Aprili Kanisa humkumbuka Mtakatifu Giuseppe Benedetto Cottolengo, padre wa Torino, Italia. Wengi wetu tunamfahamu kama rafiki wa wagonjwa. Leo tungependa kumtazama kwa upande usiosemwa sana, yaani namna alivyowapokea watu wenye ulemavu wa akili na aina ya makao aliyowapatia.

Alizaliwa Bra, katika mkoa wa Piemonte, tarehe 3 Mei 1786, akiwa kifungua mimba katika familia ya watoto 12. Alipewa daraja ya upadre mwaka 1811, akasoma hadi kupata udaktari wa teolojia, na mwaka 1818 akawa kanoni wa kanisa la Corpus Domini mjini Torino. Hata alipotimiza miaka 40 alikuwa padre mwema wa kawaida: alihubiri, aliungamisha, alitoa sadaka kwa maskini, lakini moyoni hakutulia. Sisi mapadre tulio katika umri huo twaweza kumwelewa.

Tarehe 2 Septemba 1827 aliitwa kumpa sakramenti mwanamke Mfaransa, Jeanne-Marie Gonnet, aliyekuwa safarini na mumewe na watoto wao kutoka Milano kwenda Lyon. Mama huyo alikuwa mjamzito, tena ana homa kali. Hospitali ya wagonjwa ilimkataa kwa sababu ya mimba. Hospitali ya wazazi ikamkataa kwa sababu ya homa. Alikata roho mbele ya familia yake, na mtoto wake mchanga, akiisha kubatizwa, akamfuata. Tuzingatie kwamba siku ile hakuna aliyevunja sheria. Kila mlango ulikuwa na kanuni yake, na kanuni zenyewe zilikuwa na sababu za haki. Mama yule alifia katikati ya kanuni mbili.

Tarehe 17 Januari 1828 Padre Cottolengo alifungua vyumba vichache karibu na kanisa lake, katika nyumba iliyoitwa Volta Rossa, kwa ajili ya wale waliokataliwa kwingine. Mwaka 1831 serikali ikavifunga kwa hofu ya kipindupindu. Tarehe 27 Aprili 1832 alianza upya huko Valdocco, pembezoni mwa mji, akiwa na masista wawili na kijana mgonjwa aliyebebwa kwa mkokoteni wa punda. Mahali pale akapaita Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu.

Aliyekosa pa kwenda alikuwa na haki ya kuingia. Basi wakaja yatima, viziwi, wenye kifafa, na pamoja nao watu wenye ulemavu wa akili. Hao walikuwa wengi katika mabonde ya milima ya Alpi, ambako udongo na maji vilipungukiwa na madini ya iodini, ingawa chanzo hicho kilikuwa bado hakijajulikana. Watu waliwaita kwa majina ya dharau, mengine yakitumika hata katika vitabu vya waganga. Cottolengo aliwaita Wana Wema na Mabinti Wema. Tena aliigawa nyumba yake katika familia, kila familia na jina lake na walezi wake. Mwenye nguvu kidogo alimsaidia asiye nazo, na zamu za sala zilizoendelea mchana na usiku ziliwahusu wakazi pia. Mtu aliyehesabiwa kuwa hawezi lolote alikuwa na watu waliomngoja mezani na saa yake kanisani.

Hakuwa na mapato ya kudumu, wala hakupenda kutunza hesabu, akimwachia Mungu yote. Katika hilo la hesabu hatumshauri mkuu yeyote wa kituo amwige. Mkazi asiyeweza kusema hawezi kuuliza fedha ya uji wake ilikwenda wapi. Lazima awepo wa kuuliza kwa niaba yake.

Mama wa leo mwenye mtoto mwenye usonji na kifafa anaijua vema safari ya Jeanne-Marie. Shule humwelekeza hospitali, hospitali humrudisha nyumbani, na kituo kikimpokea mtoto, mara nyingine ni kwa kumfungia ili asisumbue. Nasi wanaparokia huvitembelea vituo wakati wa Kwaresima, tukiwa na sabuni na unga, tukapiga picha na kuondoka kabla ya chakula cha mchana. Ni wachache kati yetu wanaoweza kutaja jina la mkazi mmoja, au kueleza anapenda nini na anaogopa nini.

Mwaka 1842 Cottolengo aliugua homa. Alimkabidhi mwingine uongozi, akaenda Chieri, na huko akafariki tarehe 30 Aprili. Alitangazwa mwenyeheri mwaka 1917, na Papa Pius XI akamtangaza mtakatifu tarehe 19 Machi 1934.

Watoto wake wa kiroho wamefika hata kwetu Afrika Mashariki. Huko Meru, nchini Kenya, masista wanawalea watoto wenye ulemavu katika makao ya Tuuru, na huko Chaaria mabruda wanaishi na wanaume wenye ulemavu wa akili kando ya hospitali yao. Wanaume hao, hadi leo, wanaitwa Wana Wema.